Vimeng'enya vya Chakula kwa Kondoo: Kabla Hujatoa Hela, Jua Tumbo la Kondoo Linavyofanya Kazi

Leo najibu swali ambalo nimeulizwa sana msimu huu, hasa na vijana wa Bariadi na Itilima walioanza kunenepesha kondoo kwa ajili ya sikukuu. Swali linakuja hivi: "Afisa, kuna unga wa vimeng'enya unauzwa, unachanganya kwenye chakula, kondoo anameng'enya vizuri na anaongezeka uzito haraka. Ninunue au nisinunue?"

Naelewa kwa nini swali linaulizwa. Wengi wenu mnafuga kwa mkopo, wengine ule wa asilimia 10 wa halmashauri, na marejesho hayasubiri kondoo anenepe. Mwezi wa 8 na wa 9 malisho ya Simiyu yamekauka, kondoo anatafuna mabua kutwa nzima na mgongo bado unahesabika mifupa. Ukisikia kuna unga wa kumfanya apate zaidi kutoka kwenye mabua hayo hayo, lazima masikio yasimame.

Jibu langu fupi: vimeng'enya ni kitu cha kweli, sio utapeli. Lakini kwa kondoo mkubwa wa huku kwetu, anayekula mabua na nyasi kavu, sio kitu cha kwanza kununua, na sio cha pili wala cha tatu. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Lisome lote, kwa sababu katikati kuna njia ya kutumia kimeng'enya ambacho tayari kipo kwenye mabua yako, na gharama yake ni mbolea ya urea na turubai.

Kimeng'enya ni nini? Mwulize mama anayepika pombe

Kila mtu hapa anajua kimea. Unaloweka mtama au ulezi, unauotesha, unaukausha, unasaga. Ukichukua kijiko cha unga huo ukatia kwenye uji mzito wenye uvuguvugu, baada ya muda uji unalainika na unakuwa mtamu. Hujaongeza maji wala sukari. Kilichofanya kazi ni kimeng'enya kilichotengenezwa na mbegu ilipokuwa inaota. Kimekata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi vya sukari.

Hapo umejifunza mambo matatu ambayo yatakusaidia mpaka mwisho wa makala hii.

Kwanza, kimeng'enya hakina lishe ya maana chenyewe. Ni kifaa cha kukatia, kama panga. Kama hakuna cha kukata, panga halikusaidii.

Pili, kila kimeng'enya kina kazi yake. Cha kimea kinakata wanga, ukikitia kwenye mabua hakifanyi lolote. Anayekata nyuzinyuzi za mabua anaitwa selulasi, na mwenzake zailanasi. Kuna faitasi, anayefungua fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka na pumba. Kuna protiasi, anayekata protini.

Tatu, joto kali linakiua. Mpika pombe anajua hatii kimea kwenye uji unaochemka. Kumbuka hili tutakapofika kwenye suala la kuhifadhi.

Vimeng'enya vya viwandani vinatoka zaidi kwa kuvu na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi. Kuna hadithi moja ya kweli ambayo sisi watu wa pamba inatuhusu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani likiwa huko visiwa vya Solomon katika Bahari ya Pasifiki, mahema na nguo zao za pamba zilikuwa zinaoza haraka kupita kiasi. Wanasayansi wakachunguza, wakakuta kuvu mmoja anayekula pamba kwa kasi ya ajabu. Baadaye kuvu huyo akapewa jina la Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Pamba karibu yote ni selulosi, na selulosi ndiyo nyuzinyuzi kuu ya mabua na nyasi. Kuvu aliyekuwa adui wa mahema leo ndiye mmoja wa wazalishaji wakubwa wa selulasi duniani.

Kondoo sio kuku

Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa. Mafanikio makubwa ya vimeng'enya kwenye vyakula vya mifugo yapo kwa kuku na nguruwe. Kuku ana tumbo moja, chakula kinapita haraka, na hana uwezo wa maana wa kumeng'enya nyuzinyuzi wala kufungua fosforasi ya kwenye nafaka. Ukimwongezea faitasi au zailanasi, unampa kitu ambacho hana. Ndiyo maana viwanda vingi vya chakula cha kuku vinavitumia.

Kondoo ni tofauti kabisa. Tumbo lake la kwanza, rumeni, ni pipa la kuchachulia lenye joto la nyuzi 39 hivi, usiku na mchana. Ndani yake kila mililita moja ya majimaji ina bakteria wanaofika bilioni 10, pamoja na vijidudu wengine wakubwa kidogo na kuvu. Hao ndio wanaotengeneza selulasi, zailanasi, faitasi na vingine vingi, muda wote, bure. Kondoo mwenyewe hatengenezi hata chembe moja ya selulasi. Anachofanya ni kuwatunza hao wafanyakazi wake: kuwapa chakula kilichotafunwa, maji, joto na mate ya kupunguza uchachu. Wao wanavunja nyuzinyuzi, wanatoa asidi zinazompa kondoo nguvu, kisha wao wenyewe wanashuka matumbo ya mbele na kumeng'enywa kama protini.

Sasa ukimwaga kijiko cha selulasi ya dukani ndani ya pipa lile, unaongeza wafanyakazi wachache kwenye kiwanda chenye mabilioni. Tena, humo ndani kuna protiasi, na kimeng'enya ni protini. Sehemu ya ulichonunua itakuwa chakula cha bakteria kabla haijafanya kazi uliyoilipia. Na kuhusu faitasi, kondoo mwenye rumeni iliyokomaa hana haja nayo. Bakteria wake wanaifanya kazi hiyo vizuri sana.

Utafiti unasemaje?

Tusiwe wabishi pia. Watafiti wamefanya kazi kubwa juu ya vimeng'enya kwa wanyama wanaocheua, hasa kule Lethbridge, Kanada, kuanzia miaka ya 1990. Mwaka 1995 kundi la mtafiti Karen Beauchemin lilichapisha jaribio la kuwapa madume ya ng'ombe malisho yaliyonyunyiziwa mchanganyiko wa selulasi na zailanasi. Waliokula nyasi kavu waliongezeka uzito zaidi. Waliokula saileji ya shayiri, mchanganyiko ule ule haukuwasaidia. Na hata kwenye nyasi kavu, kiasi kilichofaa aina moja ya nyasi sicho kilichofaa nyingine. Kuzidisha dozi hakukuwa dawa.

Tangu hapo majaribio mengi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yamefanyika nchi mbalimbali, na picha imebaki hiyo hiyo: mara yanafanikiwa, mara hakuna tofauti. Pale yanapofanikiwa, mara nyingi kimeng'enya kilikuwa cha maji, kikanyunyiziwa juu ya malisho makavu saa kadhaa kabla ya kulisha ili kishike kwenye nyuzi, na mnyama alikuwa tayari analishwa vizuri, ana protini na madini ya kutosha. Yaani kimeng'enya kilikuja kuongeza kidogo juu ya lishe iliyokwishakaa sawa.

Hapo ndipo swali letu la Simiyu lilipo. Je, lishe ya kondoo wako imekaa sawa?

Tatizo la kondoo wetu wa kiangazi ni njaa ya protini

Bakteria wa rumeni wanahitaji nitrojeni ili wazaliane. Malisho yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, wanapungua, kazi inalegea, mabua yanakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, na kondoo anajisikia ameshiba. Utaona tumbo kubwa na mgongo mwembamba. Mabua ya mahindi, ya mtama na ya mpunga yana protini ya kama asilimia 3 mpaka 5 tu. Kwa hiyo kondoo anayelala njaa ya protini mbele ya rundo la mabua sio kwamba hana vimeng'enya. Watengenezaji wa vimeng'enya ndio wana njaa.

Habari njema ni kwamba tunaishi kwenye pamba. Mashudu ya pamba, kwa yale yasiyoondolewa maganda vizuri, unaweza kuyahesabu asilimia 25 ya protini. Yaliyokobolewa vizuri yanapanda zaidi. Twende kwenye hesabu, chukua kalamu.

Kondoo dume wa kilo 25 anakula chakula kikavu kama asilimia 3.5 ya uzito wake, yaani gramu 875. Tukadirie gramu 900 kwa siku.

Mlo wa kwanza, mabua peke yake yenye protini asilimia 4: hapo protini ni asilimia 4. Hafiki 7. Huyu atashuka uzito, na wala hatamaliza hizo gramu 900.

Mlo wa pili:
- Mabua gramu 600 × asilimia 4 = gramu 24 za protini
- Mashudu ya pamba gramu 150 × asilimia 25 = gramu 37.5
- Pumba za mahindi gramu 150 × asilimia 10 = gramu 15
- Jumla gramu 76.5 ndani ya gramu 900, yaani asilimia 8.5

Hapa umevuka mstari. Bakteria wanazaliana, mabua yanavunjika, na kondoo anaanza kula zaidi mabua yale yale. Mfugaji anayeona hivyo angedhani ametia kimeng'enya. Na kweli ametia, ila amekitia kwa mlango wa nyuma: amelisha wanaokitengeneza.

Kama una majani na mashina ya dengu, choroko, karanga au matawi ya viazi vitamu, usiyaache shambani yaliwe na mchwa. Yana protini kuliko mabua ya nafaka. Yakusanye, yakaushe kivulini, yaweke juu ya chanja. Mwenye lusina pembezoni mwa shamba anaweza kukata matawi kidogo kidogo akachanganya. Na mwenye ngitili ya familia aitunze. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulijengwa juu ya ujuzi huo wa wazee wa Kisukuma wa kufunga eneo wakati wa mvua ili liliwe kiangazi. Kijana anayefuga kibiashara asiuone ni mambo ya kizamani.

Kimeng'enya cha bure kilichopo kwenye mabua yako

Protini umeweka. Sasa tuongelee mabua yenyewe. Ugumu wake unatokana na lignini. Fikiria nguzo ya zege: selulosi ni nondo, lignini ni zege lililozunguka. Selulasi, iwe ya dukani au ya bakteria, inakata nondo, haivunji zege. Kwa hiyo kwenye mabua yaliyokomaa sana, kuongeza selulasi ni kuongeza misumeno ya chuma wakati chuma kimefunikwa.

Amonia ndiyo inayolegeza lile zege. Na amonia unaipata kwenye urea, ile ile ya gunia la kilo 50. Anayegeuza urea kuwa amonia ni kimeng'enya kinachoitwa ureasi, kinachotengenezwa na bakteria waliopo tayari kwenye mabua. Kazi yako ni kuwapa unyevu, urea, joto na muda. Joto la Bariadi tunalo.

Fanya hivi kwa kilo 100 za mabua makavu:

1. Katakata mabua vipande vya urefu wa vidole viwili mpaka vinne. Mabua ya mpunga unaweza kuyaacha marefu kidogo.
2. Pima urea kilo 4 mpaka 5. Pima kwa mizani, usikadirie kwa mkono.
3. Yeyusha kwenye maji lita 60, koroga mpaka chembe zote ziishe.
4. Tandaza turubai au nailoni ngumu ndani ya shimo au kona ya banda. Weka mabua tabaka la unene wa kama kiwiko, nyunyizia maji ya urea kwa keni ya kumwagilia, geuza, kanyaga. Endelea tabaka kwa tabaka. Gawa maji yako vizuri ili tabaka la juu lisikose.
5. Funika kabisa, ziba pembeni kwa udongo, weka mawe juu. Hewa isitoke, mvua isiingie.
6. Acha siku 21.
7. Fungua kutoka upande mmoja. Mabua mazuri yana rangi ya kahawia au dhahabu, yamelainika, yana harufu kali ya amonia. Yaliyoota ukungu mweupe au mweusi tupa.
8. Toa ya siku moja, yatandaze yapigwe upepo mpaka kesho yake ndipo ulishe.

Kwa kazi hiyo protini ghafi ya mabua inaongezeka karibu mara mbili, na sehemu inayomeng'enywa inaongezeka kwa pointi kama 8 mpaka 12. Rudi kwenye mlo wetu wa pili. Mabua gramu 600 sasa yana asilimia 8, yaani gramu 48. Ukijumlisha na mashudu na pumba unapata gramu 100.5, sawa na asilimia 11.2. Chakula kile kile, mabua yale yale, umepanda kutoka 8.5. Na kondoo atakula zaidi kwa sababu mabua yamelainika.

Tahadhari za urea, usiruke hapa

Urea inalisha na urea inaua. Kwa hiyo:

- Kamwe usiiyeyushe kwenye maji ya kunywa, na usiache ndoo yenye maji ya urea karibu na mifugo. Funga gunia.
- Usilishe mabua ya urea kwa wanakondoo ambao rumeni haijakomaa, wala kwa punda, nguruwe au kuku.
- Wazoeshe kwa wiki 2, kidogo kidogo ukichanganya na mabua ya kawaida.
- Kondoo mwenye njaa kali usimpe mara moja akajaza tumbo.
- Usitibu kwa urea nyasi nzuri za kijani zilizokaushwa, na usitie molasi kwenye rundo kabla ya kufunika. Sukari ikikutana na amonia na joto inaweza kutoa sumu inayowafanya wanyama wapagawe. Njia hii ni ya mabua makavu yasiyo na thamani.

Kondoo akianza kutetemeka, kutokwa povu, kuvimba tumbo na kuyumba muda mfupi baada ya kula, hiyo ni dharura. Siki iliyochanganywa na maji ya baridi, ikinyweshwa taratibu, inasaidia wakati unamsubiri mtaalamu wa mifugo. Piga simu kwanza, usisubiri kuona itakuwaje.

Msimpe kondoo chakula cha kuku "kwa sababu kina vimeng'enya"

Hili nimeliona kwa kijana mmoja, na lilimgharimu. Alisikia chakula cha kuku wa nyama kina vimeng'enya, akanunua premiksi ya kuku akachanganya na pumba za kondoo. Premiksi ya kuku na ya nguruwe mara nyingi ina madini ya shaba kwa kiwango ambacho kuku anakimudu. Kondoo ndiye mnyama dhaifu kuliko wote kwa shaba. Inajikusanya kwenye ini wiki kwa wiki bila dalili, halafu siku moja ini linaiachia yote kwenye damu. Utaona macho na ufizi wa njano, mkojo mwekundu kama damu au wa kahawia, na kifo ndani ya siku chache. Aliyekufa mmoja mara nyingi ana wenzake wanaomfuata, kwa sababu wamekula pamoja.

Kwa hiyo jiwe la chumvi, premiksi au nyongeza yoyote, soma kama imeandikwa ni ya kondoo. Ya ng'ombe nayo iulizie kabla ya kuitumia. Mbolea ya kuku kama chakula cha kondoo, achana nayo.

Na wanakondoo wachanga je? Hawa ndio ambao rumeni yao haijaanza kazi vizuri, inachukua kama wiki 6 mpaka 8. Lakini katika umri huo anatumia maziwa, na vimeng'enya vya kumeng'enya maziwa anavyo mwenyewe tangu azaliwe. Unachoweza kufanya ni kumharakishia rumeni: kuanzia wiki ya 2 au ya 3 mtengee sehemu ambayo mama hapiti, umwekee majani laini, pumba kidogo na maji safi. Mashudu ya pamba yasiwe chakula chake kikuu, kwa sababu yana gosipoli, sumu ambayo mkubwa anaimudu kwa msaada wa rumeni na mdogo haimudu.

Kama bado unataka kujaribu, jaribu kwa akili ya biashara

Sikatazi mtu. Labda wewe umeshatoa minyoo, mashudu yapo, mabua umeyatibu, maji yapo muda wote, na sasa unatafuta hatua ya ziada. Sawa. Fanya hesabu hii kabla ya kulipa:

Gharama ya kimeng'enya kwa kondoo mmoja kwa siku ÷ bei ya kilo moja ya uzito hai = uzito ambao lazima aongeze juu ya wenzake.

Mfano tu: kama unga unagharimu shilingi 100 kwa kondoo kwa siku, na kilo ya uzito hai unauza shilingi 5,000, basi kila kondoo lazima aongeze gramu 20 za ziada kila siku ili urudishe hela tu, bila faida. Kwa siku 60 ni shilingi 6,000, sawa na kilo 1.2. Kwa kondoo wetu wa asili, kuongezeka gramu 50 mpaka 100 kwa siku kwenye unenepeshaji ni matokeo ya kuridhisha. Gramu 20 za ziada sio jambo dogo.

Halafu jiulize unauzaje. Mnunuzi wa mnadani anayeshika mgongo na mkia na kutaja bei kwa jicho hataona kilo 1.2. Hatakulipa. Anayeuza kwa mizani pekee ndiye anaweza kulipwa tofauti hiyo.

Ukishakubali hesabu, fanya jaribio la haki:

- Chukua kondoo 20 wa umri na jinsia moja. Wape wote dawa ya minyoo siku moja.
- Wapange kwa uzito, kisha wagawe wawili wawili: mmoja huku, mwenzake kule. Usiwaweke wakubwa wote upande wa kimeng'enya.
- Chakula kile kile, kiasi kile kile, banda la aina moja, maji sawa. Tofauti iwe kimeng'enya tu.
- Wiki 2 za kuzoea, halafu siku 60 za kupima.
- Pima asubuhi kabla hawajala wala kunywa, siku mbili mfululizo mwanzoni na siku mbili mfululizo mwishoni, uchukue wastani. Kondoo aliyekunywa maji anaweza kuzidi kilo moja mpaka mbili papo hapo, na kilo hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme "dawa imefanya kazi".
- Anayekuuzia asiwe ndiye anayesoma mizani.

Kama tofauti ya makundi haifiki kilo ulizozikokotoa, umepata jibu kwa kondoo 10, hela yako ya kundi zima bado iko mfukoni.

Kwenye lebo tafuta mambo haya: aina ya kimeng'enya (neno "vimeng'enya" peke yake halitoshi), nguvu yake kwa gramu, mnyama anayelengwa, dozi kwa kilo ya chakula, tarehe ya mwisho, na joto la kuhifadhia. Kopo lililokaa wiki kadhaa ndani ya duka la bati, na jua letu la saa nane mchana, linaweza kuwa na kimea kilichochemshwa. Ulizia pia usajili. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inasimamia vyakula na virutubisho vya mifugo nchini, kwa hiyo muuzaji makini hatakasirika ukimwomba karatasi zake.

Hela yako iende wapi kwanza

Nikipewa mtaji wa kijana wa kondoo 20 hapa Bariadi, nitautumia kwa mpangilio huu:

1. Maji safi muda wote. Bila maji rumeni haifanyi kazi, na hakuna unga unaobadilisha hilo.
2. Dawa ya minyoo, kwa ushauri wa mtaalamu na kwa uzito halisi wa mnyama. Minyoo inayonyonya damu inakula faida kabla yako.
3. Mashudu ya pamba, ununue mapema viwanda vinapokamua, kabla kiangazi hakijapandisha bei. Yahifadhi pakavu, juu ya mbao. Yenye ukungu usilishe, sumukuvu haionekani kwa macho.
4. Urea na turubai kwa ajili ya mabua.
5. Jiwe la chumvi la kondoo.
6. Mizani ya kuning'iniza. Kikundi mnaweza kuchangia mkanunua moja.
7. Ikibaki hela, na hesabu ikikubali, jaribio la kimeng'enya kwa kondoo 10.

Pumba nazo ziwe kwa kiasi. Anayezidisha pumba na nafaka akidhani ananenepesha haraka anaichachusha rumeni, bakteria wanaokata nyuzinyuzi wanakufa, na kondoo anaharisha na kulegea. Pumba za mpunga za mashine ndogo zikague pia, nyingi zimechanganyika na makapi, na makapi hayana lishe ya maana.

Mwenye mabua shambani sasa hivi ayakusanye wiki hii, kabla ng'ombe wa majirani hawajayamaliza. Ukifunika leo, baada ya siku 21 unafungua. Kama hujawahi kufanya, anza na kilo 50 za mabua: nusu ya urea na nusu ya maji niliyoandika. Ukikwama kwenye vipimo, mwone afisa mifugo wa kata yako, au niandikie ukieleza una kondoo wangapi, wana uzito gani na una malisho gani, nikupigie hesabu ya mlo wako. Kazi njema.